Dogo alikuwa anapata 86 kwenye simu, moko (mtihani wa mazoezi) ya kwanza akapata 57

Naandika hiki kisa kwa kirefu maana ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa na watu watatu swali lile lile, dada nasoma mwezi wa tatu sasa, maswali ya mazoezi nayapata vizuri ila nikiwekewa pepa jipya nachemka, tatizo ni nini, na wote nimewajibu haraka haraka nikiwa ofisini, majibu ambayo najua hayajawasaidia. Sasa naweka kisa kimoja kizima cha mtu niliyekaa naye miezi kadhaa akijiandaa na SIE, mtihani wa Marekani wa wanaotaka kazi za hisa na uwekezaji, na namba zake zote, maana namba ndo zilizotuonyesha ukweli. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nimemuomba ruhusa akasema andika tu ila jina usiweke, kwa hiyo humu ni dogo.

Dogo ana miaka 29, alikuwa anakaa kaunta kwenye benki moja Kariakoo, mwaka wa tano huo. Anaishi Kimara. Mke wake ni nesi, alitangulia Houston, na makaratasi ya dogo yakakaa sawa asafiri Novemba 2024. Hakutaka kufika kule aanzie kubeba maboksi ghalani wakati ana uzoefu wa mambo ya fedha, alitaka aingie kwenye makampuni ya uwekezaji, na mlango wa chini kabisa wa kuingilia kule ni huu mtihani. Mi nafanya kazi kwa dalali wa hisa pale Posta mwaka wa kumi na mbili, basi mama mdogo akanipigia simu, mwanangu msaidie mdogo wako, na hapo hamna kukataa.

Mtihani wenyewe sio ule wa kwetu unaosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Huu ni wa Marekani, unaitwa Securities Industry Essentials, wote wanauita SIE, ulianza Oktoba 2018 na unatolewa na FINRA, chombo kinachosimamia makampuni ya madalali wa hisa kule chini ya jicho la SEC, tume ya serikali ya Marekani ya masoko ya hisa. Uzuri wake ni kwamba ukishafika miaka 18 unajisajili mwenyewe bila kuwa na kampuni inayokudhamini. Maswali ya kuchagua 75 ndo yanayohesabiwa, alafu wanachanganya mengine 10 ya majaribio ambayo huyajui ni yapi, jumla 85 kwa saa moja na dakika 45, yaani kila swali una kama sekunde 74 tu. Kufaulu ni 70. Ukifeli unasubiri siku 30, ukifeli tena siku 30, ukifeli mara ya tatu ni siku 180, nusu mwaka mzima. Na ukifaulu matokeo yanaishi miaka minne, ila jamani SIE peke yake sio leseni, hii nawasisitizia kwa sababu naona vijana wengi wanatangaziana kwamba ukiipata unaanza kuuza hisa, hapana, mpaka uajiriwe na kampuni ikudhamini ufanye mwingine wa juu kama Series 7.

Dogo alianza kusoma Julai. Alikuwa na vitu viwili, apu ya bure ya maswali kwenye simu, na kitabu cha pidiefu alichotumiwa WhatsApp na rafiki yake, kurasa zaidi ya mia tatu. Mwisho wa Agosti akanitumia picha ya kioo cha simu, 86 kwa mia, wiki iliyofuata 88, wiki nyingine tena 86. Akaniambia dada niko vizuri, nataka nijisajili. Ada ilikuwa dola 80, zaidi ya laki mbili za kwetu, na ukishajisajili una siku 120 za kupiga pepa, zikipita hela imekwenda. Nikamwambia sawa jisajili, lakini Jumamosi njoo kwangu Sinza na kalamu.

FINRA wenyewe wana mtihani wa mazoezi wa bure kwenye tovuti yao, maswali 75, dogo alikuwa hajawahi kuugusa wala hakujua kama upo. Nikamweka mezani, simu yake nikaiweka juu ya friji, nikamwambia majibu andika kwenye karatasi na pembeni ya kila jibu weka alama kama una uhakika au unabahatisha. Akamaliza mapema sana, dakika 58 tu, akatoka nje kunywa maji akiwa na furaha kabisa. Mi nikabaki nasahihisha. 43 kati ya 75. Asilimia 57.

Alivyoiona ile namba alikaa kimya muda mrefu, alafu akasema labda hayo maswali ni magumu kuliko ya ukweli. Sikumjibu, nilichukua karatasi nikaanza kuyagawa maswali kwa mada, maana SIE ina mada nne na uzito wake unajulikana wazi kwenye muhtasari wao. Masoko ya mitaji maswali 12, bidhaa za uwekezaji na hatari zake maswali 33, biashara yenyewe na akaunti za wateja na mambo yaliyokatazwa maswali 23, usimamizi na sheria maswali 7. Dogo alipata 9 kwenye 12, 15 kwenye 33, 13 kwenye 23, na 6 kwenye 7.

Ziangalieni hizo namba vizuri. Ile sehemu aliyoing'arisha, ya sheria, hata angepata zote ingemuongezea swali moja tu. Alihitaji kama kumi zaidi kufaulu, na kwenye bidhaa peke yake alikuwa amedondosha 18. Nikamuuliza wiki ngapi umesoma sheria? Akasema tatu. Sheria ya 1933 ya kutoa hisa mpya, ya 1934 ya soko la upili, FINRA iliundwa 2007, yote hayo anayo kichwani kama wimbo. Na bidhaa? Wiki moja na nusu, "zile za opsheni niliziruka maana zilikuwa zinanichanganya". (Opsheni ni mkataba wa kulipia haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei mliyokubaliana.) Alitumia muda mwingi zaidi kwenye kitu chenye asilimia 9 na muda mchache kwenye kitu chenye asilimia 44, na hakufanya hivo kwa uvivu, dogo sio mvivu kabisa, alikuwa anaamka saa kumi na nusu alfajiri kila siku. Ni kwamba miaka ya sheria inakaririka, unaishika jioni na asubuhi bado ipo, unajisikia umesoma. Opsheni haikupi hiyo raha.

Sasa ile 86 ilitoka wapi? Nilichukua swali moja alilokuwa analipata kila siku kwenye apu, kampuni ikifilisika nani analipwa kwanza, jibu ni wenye hatifungani zenye dhamana, yaani walioikopesha kampuni kwa karatasi za mkopo zilizowekewa mali rehani. Nikaliandika upya kwa mkono, nikabadilisha neno moja tu, nani analipwa mwisho. Akasoma nusu, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye hatifungani zenye dhamana. Jibu ni wenye hisa za kawaida, na hilo analijua, ukimuuliza kwa mdomo anakujibu bila kusita, lakini jicho lilishaliona umbo la swali na mkono ukawahi. Apu ile ilikuwa na maswali kama mia nne na alikuwa ameyazunguka mara tano. Ile 86 ilikuwa inapima anavyolikumbuka lile desa la apu, na kwa hilo kweli alikuwa vizuri.

Hilo la kukariri wengi mnalijua tayari. Nililojifunza mimi mwenyewe kwenye hiki kisa ni jingine, na nalisema kwa sababu linawahusu hasa watu wa huku kwetu wanaosoma mtihani wa kule. Dogo alikuwa anaangushwa na vitu anavyovijua.

Nianze na siku za malipo. Kwenye moko kulikuwa na maswali matatu ya tarehe na yote alikosa. Huku Soko la Hisa la Dar es Salaam ukinunua hisa leo malipo na umiliki vinakamilika siku ya tatu ya kazi, T+3, na dogo anajua hivo kwa sababu ana hisa zake chache za benki alizonunua kupitia ofisini kwetu. Kile kitabu cha WhatsApp kilikuwa cha 2019, kinasema T+2, na kilikuwa sahihi kwa wakati huo. Lakini Marekani walihamia T+1 tarehe 28 Mei 2024, miezi miwili tu kabla dogo hajaanza kusoma. Kwa hiyo kichwani mwake kulikuwa na namba tatu zinagombana, ya nyumbani, ya kitabu na ya ukweli, na swali lenyewe haliji likikuuliza T ngapi, linakuja kwa mlango wa nyuma. Gawio linakwenda kwa walioandikwa kwenye rejista Ijumaa, mteja lazima awe amenunua lini kwa kuchelewa kabisa ili alipate? Kwa T+1 ni Alhamisi, na hisa inaanza kuuzwa bila gawio Ijumaa yenyewe. Kwa T+2 ingekuwa Jumatano. Kwa T+3 ya kwetu ingekuwa Jumanne. Dogo alijibu Jumatano, na pembeni aliweka alama ya uhakika. Hapo ndo nikaona hatari, maana swali ambalo hujui unalirudia mwishoni, ila swali unalolijua kwa makosa hulirudii kabisa.

La pili ni bima. Mtu wa kaunta anajua benki ikifa Bodi ya Bima ya Amana inamfidia mteja mpaka milioni 7.5, anaulizwa kila wiki dirishani. Kwenye moko likaja swali la mteja aliyeweka hela kwa dalali, hisa zikaporomoka, je SIPC, ule mfuko wa Marekani wa kulinda wateja wa madalali, itamfidia? Dogo akasema ndiyo, mpaka dola 500,000. Namba ameshika vizuri, na hata ile ya ndani kwamba pesa taslimu isizidi 250,000 anayo. Ila SIPC inaingia pale dalali anapofilisika na mali za wateja hazionekani, hisa yako ikishuka bei hiyo ni juu yako. Alichukua namba ya kule akaivika akili ya amana ya huku.

Basi nikamnunulia daftari kubwa la kaunta, kurasa za kushoto tukaandika INASAFIRI, za kulia HAISAFIRI. Kila kitu alichokosa tunakiuliza, hiki ni tabia ya pesa yenyewe au ni kanuni ya nchi? Bei ya hatifungani na riba kwenda kinyume, inasafiri. Mpangilio wa nani analipwa kwanza, unasafiri. Siku za malipo hazisafiri, kodi haisafiri, bima haisafiri, asilimia 50 ya Regulation T ya kununua hisa kwa mkopo wa dalali haisafiri. Ukurasa wa kulia ukawa ndo wa kukariri na lazima kila mstari utoke kwenye kitu cha baada ya Mei 2024, ule wa kushoto marufuku kukariri, lazima uweze kumueleza mtu ambaye hajasoma.

Na kwenye kushoto huku nyumbani kumejaa mifano mizuri kuliko ya vitabuni. Dogo alikosa maswali matano ya hatifungani, na mengi yalikuwa yanazunguka kitu kimoja, riba za soko zikishuka bei ya hatifungani ya zamani inafanyaje. Ye alisema inashuka, kila kitu kinashuka pamoja. Nikamwambia we si unakumbuka, Aprili 2021 Benki Kuu ilitoa hatifungani ya kwanza ya miaka 25 kwa kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ya asilimia 15.95, alafu 2022 wakashusha, mpya ikawa 12.56. Sasa fikiria una karatasi ya zamani, unakula 15.95 kila mwaka mpaka 2046, anakuja mtu anasema niuzie kwa 100 ile ile uliyonunulia. Dogo akasema nitakuwa kichaa, simuuzii hata kwa 110. Basi umeshajibu. Tukaweka bei ya 120 kwa mfano, 15.95 gawa kwa 120 ni kama 13.29, hiyo ndo faida yake ya sasa anayenunua leo, na akikaa nayo mpaka mwisho serikali itamrudishia 100 sio 120, kwa hiyo faida yake ya mpaka ukomo inakuwa chini zaidi ya hapo. Ukinunua juu ya 100, kuponi ndo kubwa, faida ya sasa inafuata, ya mpaka ukomo ya chini. Ukinunua chini ya 100 mpangilio unageuka. Hakuwahi kukosa tena swali la namna hiyo, kwenye moko zote zilizofuata.

Hatifungani za miji na majimbo ya Marekani tulizimaliza jioni moja. Kuna zinazolipwa na uwezo wa serikali ya pale kutoza kodi na kuna zinazolipwa na mapato ya mradi wenyewe, na hizi za mradi Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, walitoa yao 2024, bilioni 53.12 kwa miaka 10, maji yanauzwa, bili zinalipa wawekezaji. Upande wa kulia tukaandika kwamba riba yake kule kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Mifuko ya pamoja nayo, mtu mwenye vipande vya UTT AMIS anajua tayari kwamba ananunua kwa thamani ya kipande itakayopigwa, sio kwa bei ya kwenye skrini.

Opsheni ndo ilitula. Alikosa saba kati ya saba.

Nilianza na kiwanja. Nikamwambia umeona kiwanja Kigamboni, mwenyewe anataka milioni 10, huna hela sasa hivi ila unasikia barabara inakuja, unampa laki tatu asimuuzie mtu mwingine kwa miezi mitatu na bei isibadilike. Bei ikipanda ikafika 13 unanunua kwa 10, ikishuka unaachana nacho, umepoteza laki tatu tu. Hiyo ni koli, una haki ila hulazimiki, aliyelazimika ni mwenye kiwanja. Dogo macho yakamwangaza, akasema kumbe ni kishika uchumba! Nikafurahi na mimi, nikasema ndiyo, ni kishika uchumba. Na hapo nilimkosea.

Wiki hiyo akawa anapata yote ya nani ana haki na nani ana wajibu, lakini maswali ya mahali faida inapoanzia akawa anakosa yote, tena kwa uhakika. Mteja amenunua koli moja, bei ya makubaliano dola 50, premiamu (ile hela unayolipia haki) dola 3, hisa ifike ngapi ndo hajapata wala hajapoteza? Dogo anasema 50. Kila mara 50. Nilimuangalia siku mbili sielewi, mpaka nikamwambia niandikie hela inavyotoka mfukoni hatua kwa hatua, akaandika, nalipa 3, bado 47, jumla 50. Kishika uchumba chetu kinakatwa kwenye bei! Ukitoa laki tatu kwa kiwanja cha milioni 10, siku ya kumalizia unatoa milioni tisa na laki saba. Premiamu ya opsheni haikatwi popote, ni ada ya hiyo haki, imeenda, na ukitaka kununua unalipa 50 kamili juu yake. Kwa hiyo ni 53. Mfano wangu mwenyewe ndo ulikuwa unamwangusha, nilimpa kitu cha nyumbani bila kumwambia kinaishia wapi, na tangu hapo kila mfano nikiutoa nasema na mahali unapokatikia.

Jumapili yake tukaenda kwa mama mdogo, akatuandalia pilau, alafu baada ya kula nikaomba vifuniko vya soda. Kila kifuniko ni hisa kumi maana koli moja au puti moja (puti ni haki ya kuuza, kinyume cha koli) ni hisa 100, vifuniko kumi mezani, na njugu mawe ndo dola. Mama mdogo akawa muuzaji wa koli, dogo mnunuzi, shangazi yupo upande wa puti. Dogo anampa mama njugu tatu, moja kwa kila dola mia. Nikatangaza bei, hisa imefika 60. Dogo anadai vifuniko vyake kwa 50. Mama mdogo akauliza sasa mimi nisipokuwa na vifuniko? Nikamwambia utakwenda kununua sokoni kwa 60 umpe huyu kwa 50. Na ikifika 100? Utanunua kwa 100. Na ikifika 200? Akarudisha njugu zake mezani akasema hii biashara siifanyi, mtu anipe tatu mimi nidaiwe bila mwisho. Dogo akaandika pale pale, muuzaji wa koli asiye na hisa hasara yake haina kikomo. Miezi miwili nyuma alikuwa ameusoma huo mstari kwenye kitabu mara sita na haukumkaa.

Puti tukaifanya kwa mchele, shangazi yeye ni mfanyabiashara anaelewa. Ana magunia yake, anamlipa mtu wa jumla kidogo kidogo kwa kila gunia ili ndani ya miezi miwili akitaka amuuzie kwa 250,000 hata soko likiwa 210,000, soko likipanda anauza zake sokoni na ile ada imepotea. Anayenunua puti anafurahi bei ikishuka, na faida yake inaanzia bei ya makubaliano toa premiamu. Muuzaji wa puti hasara yake ina mwisho kwa sababu bei haiwezi kushuka chini ya sifuri. Basi dogo akawa na watu wake wanne, mama anauza koli, yeye ananunua koli, shangazi ananunua puti, mtu wa jumla anauza puti, na kwenye mwendokasi asubuhi kutoka Kimara mpaka Gerezani, amesimama amebanwa mlangoni, anawapitisha wale wanne kwa bei tofauti, nani analia nani anacheka na kwa shilingi ngapi.

Kuna watu kwenye familia walishika kwamba Kiingereza ndo kinamwangusha, aende kozi ya lugha kwanza. Nilikataa na nina sababu. Yale 32 aliyokosa niliyapitia moja moja, ni manne tu ambayo alisoma vibaya, yale yenye neno la kukanusha, yapi ni kweli ISIPOKUWA. Kwa hayo manne dawa ilikuwa kupunguza mwendo, alimaliza kwa dakika 58 wakati muda wake ulikuwa zaidi ya saa moja na nusu. Tukaweka kanuni, kila swali lenye kukanusha unaandika K kwenye karatasi kabla ya kugusa majibu. Mtu akikwambia ni lugha, mwambie alete hesabu ya maswali.

Apu ile ya zamani tuliifuta kabisa. Tukakubaliana swali linahesabiwa mara ya kwanza tu unapoliona, ukilirudia ni la kujifunzia, alama zake hazitajwi kwa mtu. Na kila jibu, hata la sahihi, anasema kwa sauti kwa nini yale mengine matatu sio. Inachosha sana hii, maswali 20 yalikuwa yanachukua jioni nzima, kuna siku alinuna akasema dada tunapoteza muda.

Moko ya pili katikati ya Oktoba, maswali mapya yote, 51 kati ya 75, asilimia 68. Bidhaa zilipanda kutoka 15 mpaka 23. Biashara na akaunti 15, masoko 8, sheria 5. Dogo akaona kwanza ile 5, ile sheria yake ya mwanzo imeshuka kutoka 6, akataka kurudi kuzisoma tena. Nilimzuia na tulibishana kweli. Swali moja la sheria ni sawa na swali moja la amri za kununua na kuuza, na kwenye amri alikuwa bado anavuja, anachanganya amri ya kikomo na amri ya kusimamisha. Tukarudi huko. Ya kikomo unamwambia dalali usinunue zaidi ya hapa au usiuze chini ya hapa, ya kusimamisha inalala mpaka bei iguse pale ulipopataja alafu inaamka inakuwa amri ya bei yoyote iliyopo sokoni. Kama una hisa ya 40 na unaogopa kuporomoka unaweka ya kuuza kwa 35, inaweza ikaamka kwa 35 ukauziwa kwa 33, haina ahadi. Hiyo "haina ahadi" tuliiandika kwa wino mwekundu.

Moko ya tatu, wiki moja kabla ya safari, 58 kati ya 75, asilimia 77. Bidhaa 26, biashara 18, masoko 9, sheria 5 ile ile. Alimaliza zimebaki dakika nne. Hapo sasa nikamwambia panda ndege.

Alipiga pepa Desemba huko Houston, kwenye kituo cha Prometric, ndani ya zile siku 120. Nilikuwa macho usiku huku nasubiri. Ikaja sauti ya WhatsApp, dada nimepita. Nikamuuliza ngapi? Akasema hawasemi, ukifaulu wanakuandikia umefaulu basi, alama wanampa aliyefeli. Nikamuuliza puti zilikuja? Akacheka, dada nimesaini karatasi siruhusiwi kusema kilichokuja, ila mwambie mama vile vifuniko avitunze, nikipata kampuni ya kunidhamini nakuja na Series 7 na kule wanasema opsheni ni nyingi zaidi.